Biti za Rangi ya Dhahabu



Katika lugha yetu chombo hakina aibu kubwa kuliko kuitwa "cha kuchovya". Mkufu wa kuchovya, saa ya kuchovya, hata mtu mwenye majivuno matupu hupachikwa jina hilo. Kwa hiyo sikushangaa muhula huu, zilipotajwa biti za keekee zitakazonunuliwa kwa karakana yetu, kusikia wenzangu wakizibeza zile zenye rangi ya dhahabu. Wasema kwamba rangi hiyo ni urembo wa dukani tu, na kwamba fedha za wazazi si za urembo. Mimi naona wamekata hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi.

Rangi ile si dhahabu, wala haikupakwa kwa brashi, wala biti haikuchovywa katika maji yo yote. Biti za chuma cha pua husafishwa hata alama ya kidole isibaki, kisha hupangwa ndani ya chumba kilichofungwa barabara, na pampu huvuta hewa mpaka isalie kidogo mno. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu katika hewa ya kawaida chembe ya madini hugongana na chembe za hewa kabla haijasafiri hata sehemu 1 katika 1,000 ya milimita. Hewa ikiondolewa, njia huwa nyeupe. Hapo umeme hugeuza titani kuwa mvuke, gesi ya naitrojeni huingizwa kwa kipimo, na viwili hivyo huungana juu ya biti kuwa utando wa manjano. Unene wake ni sehemu 2 hadi 4 katika 1,000 za milimita. Unywele wa kichwa chako waupita mara kumi na zaidi.

Wembamba huo wafaa nini? Wafaa sana. Kwa kipimo cha Vickers, ugumu wa chuma cha biti nzuri ni kama 800 au 900, bali ugumu wa utando huo hupita 2,000. Tena vinyuzi vya chuma havigandi juu yake upesi, nayo makali hudumu.

Na wale wanaodhani kwamba kitu chembamba hakina kazi, na watazame darubini ya James Webb, iliyorushwa angani tarehe 25 Desemba 2021. Vioo vyake vikuu 18 ni vya madini ya beriliamu, navyo vilivikwa dhahabu kwa njia hiyo hiyo ya chumba kisicho na hewa, unene wa sehemu 1 katika 10,000 ya milimita. Dhahabu yote ya vioo hivyo haifiki gramu 50, nayo ndiyo inayorudisha mwanga wa nyota usioonekana kwa macho. Hapo nani atasema "ya kuchovya"?

Lakini wenzangu wana haki katika jambo moja. Utando mgumu juu ya chuma hafifu ni bure, maana chuma cha chini kikibonyea, utando hupasuka. Na rangi ya manjano pekee haimwambii mnunuzi chini yake kuna chuma gani. Pia biti ikinolewa kwenye jiwe, utando wa nchani huondoka, ingawa ule wa ubavuni hubaki. Kwa mbao za mninga biti za kawaida zatosha kabisa.

Ila vitanda vyetu vya bwenini ni vya chuma, na vingi vyangoja kutobolewa na kufungwa upya. Basi kabla ya kununua boksi zima, naomba zinunuliwe biti mbili tu za kadiri moja, ya manjano na ya kawaida. Tutoboe bamba moja la chuma mbele ya wote, kila biti mpaka ishindwe, tuhesabu matundu, tugawanye kwa bei. Mimi nipo tayari kuandika hesabu ubaoni Jumamosi yo yote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne