Rekoda Ilipokufa Angani

Leo nina neno na washkaji wa Kasulu na Kibondo wanaoikimbia fizikia wakifika kidato cha tatu, eti ni mambo ya Wazungu. Hao hao ukiwapa redio kimeo wanaifungua, wanachomelea waya mbili tatu, inaimba! Sasa sikia.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani ya kusaka eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Kiswahili hicho, bwana.

Ndani mlikuwa na masanduku yenye gesi na waya za umeme wa nguvu. Eksirei ikigonga gesi, waya unatoa mshtuko mdogo wa umeme, mdogo kweli kweli. Hapo ndipo elektroniki inaingia kazini: kuukuza (amplifaya tu hiyo, kama ya redio yako), kuutenga na kelele, kuupima, kuuhesabu. Hesabu inafungwa kabla hata nusu sekunde haijaisha, inaanza nyingine. Ni kama konda wa basi la Kasulu–Kibondo. Gari lijae vipi, konda akilala tajiri hapati kitu. Bila konda mwepesi hivyo, nani angejua kwamba Centaurus X-3 inamwekamweka kila baada ya sekunde 4.8 hivi?

Halafu likazuka soo. Hesabu zote zilikuwa zinawekwa kwenye rekoda ya tepu, kisha zinatumwa kwa redio setilaiti ikipita juu ya kituo cha ardhini. Mapema 1971 rekoda ikafa. Masanduku mazima, gesi ipo, eksirei zinagonga, ila pa kuhifadhi hakuna! Ikabidi zitumwe moja kwa moja, na pale pasipokuwa na kituo chini zikapotea. Hata hivyo kazi iliendelea hadi 1973, ikatoka orodha ya vyanzo 339. Mkuu wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, akala Nobel mwaka 2002.

Kule CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ukonda ni ule ule ila abiria wamefurika. Mashine ikiwa kazini, mafungu ya protoni yanapishana mara milioni 40 kwa sekunde, na elektroniki inaamua hapo hapo nani apande. Karibu wote wanaachwa kituoni.