Data ya Wateja Si ya Kufanyia Mazoezi

Wasee wote mnaotengeneza mifumo hapa Kitale na Bungoma, hii ni yenu. Na wewe usiyejua hata skripti ni nini, usiende. Ni jina lako tunaongelea.

Kuna tabia imezoeleka mpaka watu wanaiita ujuzi. Unaandika skripti fupi. Saa nane usiku inaamka, inanakili hifadhidata yote ya mfumo halisi na kuimwaga kwenye seva ya majaribio. pg_dump upande huu, psql upande ule, kazi imeisha. Asubuhi uko na data mpya ya kuchezea.

Sasa niambie, hiyo data ni ya nani? Ni ya mkulima wa mahindi wa Kiminini na mkopo wake wa sacco. Ni ya mama wa Chwele na majibu yake ya kliniki. Walipeana hizo habari wapate huduma, si ndio wewe ujaribu kitufe kipya.

Na seva za majaribio tunazijua. Pasiwadi ni moja na inazunguka WhatsApp. Mwanafunzi aliyekuja mafunzo ya kazini ako nayo, na alimaliza mwaka jana. Mfumo halisi una kufuli tatu, nakala yake iko kwenye laptopu inayopanda matatu ya Webuye. Mwizi atasumbuka na mlango wa mbele kwa nini?

Najua jibu lenu: "Bila data halisi siwezi kujua kama mfumo unafanya kazi." Kuna ukweli hapo. Data ya kubuni huwa safi sana. Haina jina lenye ng' linaloangusha fomu nzima kwa sababu ya hiyo alama moja. Haina namba ya simu iliyoandikwa na nafasi katikati. Lakini unachohitaji ni huo uchafu, si mwenye jina.

Kwa hivyo skripti ifanye kazi moja zaidi. Kabla data haijatoka upande wa mfumo halisi, badilisha majina, namba za vitambulisho, tarehe za kuzaliwa na majibu ya hospitali. Acha umbo: urefu, ng', sehemu zilizoachwa wazi. Ukisema utabadilisha ikishafika, umechelewa, imeshafika. Na usibuni namba za 07 ovyo, kila moja inaweza kuwa ya mtu. Zima SMS na funguo za M-Pesa kwenye seva ya majaribio, ama siku moja mzazi Kimilili ataamshwa usiku na ujumbe wa deni la karo ambalo halipo.

Halafu kuna mwelekeo. Skripti inayojua pasiwadi za pande zote mbili inaweza kugeuka. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni kubwa ya mifumo duniani, alifuta hifadhidata halisi akidhani yuko kwenye seva nyingine. Data ya karibu saa sita ilipotea. Kama wao waliteleza, wewe unajiamini na nini? Upande wa mfumo halisi, ipe skripti ruhusa ya kusoma tu.

Sheria nayo haina usingizi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data iliyokusanywa kwa sababu moja isitumiwe kwa nyingine isiyolingana nayo. Ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, kamishna aambiwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Picha tu. Sasa fikiria majibu ya kliniki.

Msiniambie hakuna wakati. Ni siku mbili za kazi, na huwa mnapata wakati wa kubadilisha rangi za ukurasa mara tano.

Na wewe mwanachama wa sacco, kwenye mkutano mkuu usiulize gawio peke yake. Inua mkono uulize: nakala ya data yetu iko wapi, na nani anaifungua? Wakianza kuangaliana, umeshajibiwa.