Ajali Ina Kinga

Iko methali ambayo imeandikwa nyuma ya matatu, imebandikwa juu ya kaunta za maduka, na husemwa makaburini na watu wenye huzuni ya kweli: ajali haina kinga. Sina ugomvi na wafiwa. Mtu aliyepotewa na mwana ana haki ya kushika neno lolote linalomsaidia kusimama. Ugomvi wangu ni na wale waitumiao methali hiyo kabla ya ajali kutokea: mwenye nyumba aulizwaye habari za ngazi ya pili, mkubwa wa shule aulizwaye habari za dirisha lenye vyuma, karani aulizwaye kama jengo lake limepata kukaguliwa. Kwao methali si faraja. Ni kufuli la kufungia swali.

Nasema kwamba methali hiyo, kama inavyotumiwa katika mji wa Nairobi, ni uongo. Na mji wenyewe umetoa ushahidi.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili ambayo methali huyachanganya. Cheche, mvua na risasi huweza kuja bila hodi. Hiyo ndiyo ajali. Lakini hesabu ya watu watakaokufa kwa ajali hiyo huandikwa mapema, na mafundi waliojenga, na wenye funguo, na wenye mihuri. Hayo ndiyo maafa. Ajali ni mgeni asiyealikwa. Maafa ni karamu tuliyomwandalia.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, gari lenye baruti lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, palipokutana barabara za Moi na Haile Selassie. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo. Watu waliokuwa maofisini katika majumba ya jirani wakafanya jambo ambalo mimi na wewe tungalifanya: wakaenda dirishani kutazama. Mlipuko mkubwa ukawakuta nyuso zao zikiwa mbele ya vioo. Katika Nairobi waliuawa watu 213, wakajeruhiwa maelfu, na wengi wa majeruhi hao waliumizwa macho. Jumba la Ufundi likaporomoka, na wapita njia wakachimbua kifusi kwa mikono mitupu, kwa wema mkubwa na bila mpango. Nakubali kwamba karani wa ghorofa ya nne hakuwa na uwezo wa kumzuia mwenye baruti. Walakini, kujua kwamba ukisikia kishindo hulala chini na kuepuka dirisha, je, hiyo ni elimu ya ghali? Zaidi ya miaka 25 imepita. Nimewauliza wanafunzi wangu wangefanya nini leo wakisikia kishindo barabarani. Nusu ya darasa waligeuza shingo kutazama dirishani hata kabla sijamaliza kuuliza.

Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa la Nakumatt Downtown, katikati ya mji, liliungua mchana. Makao ya zimamoto yako katika mtaa wa Tom Mboya, si mbali kwa miguu. Hata hivyo watu wapatao 29 walipoteza maisha, na baadhi ya walionusurika walilalamika kwamba walikuta milango imefungwa. Kumbuka kwamba kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zilikuwa zimetolewa na serikali mwaka 2007. Karatasi ilikuwapo.

Sasa tazama ushahidi wa upande wa pili, ambao ndio unaoiangusha methali. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia katika jumba la maduka la Westgate, huko Westlands. Wananchi waliokuwa na silaha za halali na polisi wachache waliokuwa karibu waliwatoa watu wengi. Kisha polisi na jeshi, kwa kukosa amri moja, wakagongana wao kwa wao, na afisa mmoja wa polisi akauawa kwa risasi ya wenziwe. Jambo hilo lilichukua siku nne na likaua watu 67 wasio na hatia. Tarehe 15 Januari 2019 washambuliaji wakaja tena, safari hii katika hoteli ya DusitD2 iliyo Riverside, kilomita chache tu kutoka Westgate. Walikufa watu 21, mamia wakaokolewa, na kesho yake asubuhi yote yalikuwa yamekwisha. Mashambulio mawili hayafanani kwa kila jambo, na watu 21 ni wengi mno. Lakini ni adui yule yule na mji ule ule. Kilichobadilika kati ya 2013 na 2019 ni kwamba watu walikaa chini, wakakiri makosa, wakapanga nani atangulie na nani amtii nani. Kama ajali haina kinga, hicho kilikuwa nini?

Hata hivyo mji wetu ulijifunza somo hilo kwa jicho moja. Ingia katika jumba lolote la katikati ya mji au la Westlands. Mlangoni yuko bawabu mwenye kifaa cha kunusia chuma. Atafungua mkoba wako, atapapasa mifuko yako, atakutakia siku njema. Sisemi vibaya juu yake. Kazi yake ni ya hatari na mshahara wake ni mdogo. Lakini ili bawabu mmoja atosheleze jumba zima, mara nyingi milango mingine hufungwa kwa mnyororo. Watu wanaoingia wamekaguliwa vizuri sana, na siku ya moto wote watatoka katika tundu lile lile moja. Tumemkinga mtu na mwenye bunduki, ambaye huja mara moja kwa miaka mingi, kwa kumkabidhi kwa moto, ambao Nairobi haupumziki. Huko si kupima hatari. Ni kuiogopa hatari ya jana.

Kupima ni kuuliza maswali mawili kwa pamoja: jambo hili huweza kutokea mara ngapi, na likitokea litaumiza watu wangapi? Anayeuliza moja tu hupotea. Mvua, kwa mfano, haitangazwi kama bomu. Lakini mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukateremka kwa upande wa Dagoretti na Kawangware, ukapita Chiromo, ukaingia mjini. Na jina la mji, ambalo tumelipokea kwa Wamasai, ni habari ya maji baridi. Reli iliposimama hapa mwaka 1899 ilisimama penye tope. Zamani mitaa ya Kilimani na Kileleshwa ilikuwa bustani iliyokunywa mvua. Leo ni magorofa na saruji, na tone linaloanguka huko halina pa kuzama, hukimbilia kwa jirani aliye chini. Masika ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Wengine bado waliita mafuriko hayo ajali, ingawa masika yana miezi yake, na kila mtoto wa shule ya msingi aijua.

Nawaandikia ninyi wanafunzi kwa sababu ninyi ndio mnaolala nyuma ya milango isiyo yenu. Mwaka 1998 wasichana 26 waliungua katika bweni huko Bombolulu, na mwaka 2001 wavulana 67 huko Kyanguli. Vyuma vya madirisha na mlango uliofungwa vilitajwa katika habari zote mbili. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa kitabu cha usalama wa shule: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Ni kitabu kizuri. Lakini mwaka 2017 moto ukazuka usiku katika bweni la Shule ya Wasichana ya Moi hapa Nairobi, na wasichana 10 wakafa. Na asubuhi ya Jumatatu, tarehe 23 Septemba 2019, jengo la madarasa la shule moja ya Ng'ando, karibu na Ngong Road, likawaangukia watoto waliokuwa wameanza masomo. Watoto 8 hawakurudi nyumbani. Jengo lile lilikuwa limesimama mbele ya macho ya watu kila siku. Hakuna aliyelificha.

Haitakuwa haki nikiwashitaki wengine na kujisahau. Nilipokuwa kijana katika kazi hii, nilitoka chuo cha ualimu nikapewa zamu ya bweni katika shule moja nje kidogo ya mji, upande wa magharibi. Wavulana walikuwa na tabia ya kuruka ua usiku kwenda kutazama mpira. Amri ikatolewa wafungiwe, na mimi sikupinga. Kusema kweli niliona ni amri nzuri. Jioni moja nilitia kufuli, nikaweka ufunguo mfukoni, nikapanda matatu kwenda Kangemi kumtazama mama yangu aliyekuwa akiugua. Mvua ikanyesha, magari yakasimama Waiyaki Way kama yaliyopandwa ardhini. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta nauli, nikaushika ule ufunguo. Wavulana 46 walikuwa nyuma ya mlango mmoja, na mlango ulikuwa mfukoni mwangu, kilomita nyingi mbali nao. Nilirudi shuleni saa nne za usiku, nikakuta wote wamelala. Kwa kuwa hakikutokea kitu, sikuadhibiwa, wala hakuna aliyejua, na kesho yake nikafunga tena. Hilo ndilo linalonitia haya zaidi.

Watasema nchi ni maskini, na kinga ni anasa ya matajiri. Gari jipya la zimamoto ni ghali, nakubali, na vichochoro vya Kawangware havitapanuliwa kwa insha. Lakini kuondoa kufuli hakununuliwi. Kuhesabu milango hakununuliwi. Watasema pia kwamba tunawatisha watoto kwa kuwafundisha habari za moto. Mtoto wa Kibera amekwisha kuuona moto kabla hajaijua herufi. Kinachomtisha ni kuona wakubwa wakishangaa kila mara kana kwamba ndio wa kwanza.

Muhula uliopita niliwapa Kidato cha Pili kazi ya kuizunguka shule yetu kwa karatasi na kalamu, waandike kila kitu ambacho kingeweza kutuua. Walirudi na kurasa tisa. Baadhi ya mambo yalikuwa mzaha, chakula cha Alhamisi kikiwa mojawapo. Mengine hayakuwa mzaha. Kibao cha mahali pa kukutania wakati wa moto kimesimamishwa chini ya ukuta wa jirani anayejenga ghorofa ya sita. Mitungi ya kuzimia moto imefungiwa stoo ili isiibwe. Mlango wa pili wa ukumbi, ambako hukaa watu 300 siku ya wazazi, umezibwa na madawati mabovu tangu kabla yangu.

Mwalimu mkuu alisoma kurasa zote tisa, akauliza ni nani aliyewatuma, kisha akanyamaza kwa muda. Ijumaa iliyofuata madawati yaliondolewa. Kazi ilichukua dakika 40. Nyuma yake tukakuta kwamba mlango wenyewe umepigwa misumari. Seremala ameitwa mara mbili na hajafika. Kidato cha Pili wameandika barua kuomba nyundo.