Nani Anahesabu Miti Yetu?



Mwezi wa Januari 2025 serikali yetu ilitangaza Ushoroba wa Kijani wa Kivu–Kinshasa: eneo la kilomita za mraba karibu 540,000, kutoka milima ya Kivu mpaka mji mkuu, ambamo msitu unapaswa kulindwa na watu wapate kazi. Siku chache baadaye vita viliingia Goma, na wengi wetu hatukuwa tena na nafasi ya kuwaza juu ya msitu. Lakini mipango haikufa. Msitu wetu unaendelea kujadiliwa na kupimwa katika miji ya mbali. Basi tunauliza: nani anajua kweli kilichomo ndani ya msitu huu, na amekijuaje?

Katika nchi nyingi watu wa kawaida wanawasaidia wanasayansi bila mshahara: walimu, wanafunzi, wakulima, wazee waliostaafu. Mmoja anaandika siku ambayo mti wa mbele ya nyumba yake umetoa maua. Mwingine anapiga picha ya jani na kuituma kwa programu ya simu kama iNaturalist, iliyoanza California mwaka 2008, na wajuzi wanamsaidia kulitambua. Mtu mmoja anaona kidogo. Maelfu wakiandika kwa utaratibu mmoja, yanaonekana mabadiliko ambayo mtaalamu peke yake asingeyaona.

Wengi watasema haya ni mambo ya Wazungu. Hapana. Sisi Wakongo tumo ndani yake tangu zamani.

Tazameni Yangambi, kwenye mto, kama kilomita 100 chini ya Kisangani. Kati ya 1937 na 1958, taasisi ya kilimo ya wakati wa ukoloni, INEAC, ilifuatilia miti zaidi ya 2,000 ya aina kama 500. Kila juma iliandikwa: mti huu una maua, huu una matunda, huu umepukutisha majani. Taasisi ile ilisimama juu ya jasho la wafanyakazi Wakongo. Kisha ukoloni ukaisha, na makaratasi yakalala miaka mingi.

Yaliamshwa karibu na mwaka 2015. Mtafiti mmoja alipiga picha za majedwali yale na kuyaweka kwenye jukwaa la Zooniverse, kwa jina la Jungle Rhythms. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walisoma alama zile za kalamu na kuzinakili katika kompyuta. Kila jedwali lilisomwa na watu kadhaa, ili kosa la mmoja lionekane kwa wengine. Wengi wao hawajawahi kukanyaga Kongo.

Kuna faida gani kujua mti ulichanua lini mwaka 1940? Faida ni kulinganisha. Huko Lopé, Gabon, watafiti waliofuata miti tangu 1986 mpaka 2018 walikuta kwamba matunda yamepungua kwa asilimia 81, na tembo wa msitu wanaoyategemea wamekonda. Bila daftari la zamani, hakuna ambaye angeweza kuthibitisha hayo. Watu wangesema tu kwamba zamani matunda yalikuwa mengi, na mkubwa wa ofisi angejibu kwamba wazee husema hivyo siku zote.

Hapa kwetu jambo hili linagusa chungu. Mama anayeuza viwavi sokoni Kisangani anajua msimu wake, na anajua kuwa viwavi wengine wanakula majani ya sapelli. Mti huo huo ndio kampuni za mbao zinautafuta. Msimu ukichelewa, au miti ikiisha, yeye ndiye wa kwanza kujua. Lakini ujuzi wake haumo katika karatasi yoyote, basi siku ya kugawa msitu hauhesabiwi. Hapo ndipo tunaona udhalimu: aliye karibu na mti yuko mbali na kompyuta, na aliye karibu na kompyuta ndiye anayesema juu ya mti.

Je, tuwaambie vijana wetu wachukue simu na kuingia porini kesho? Hapana, tusiende haraka.

Kwanza, usalama. Kijana mmoja wa parokia yetu alizuiliwa saa nyingi kwenye kizuizi cha barabara kwa sababu ya picha za miti zilizokuwa katika simu yake. Alirudi nyumbani salama, tunamshukuru Mungu. Mwenye bunduki haoni mwanafunzi wa mimea, anaona mpelelezi. Tena picha hubeba alama ya mahali. Mti wa Prunus africana, ambao gome lake linauzwa nje kwa dawa ya tezi dume, biashara yake iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu 1995. Anayetangaza mahali ulipo anaweza kuwa amemwonyesha njia mwenye panga. iNaturalist inaficha mahali pa aina nyingi zilizo hatarini, lakini simu yenyewe haifichi kitu kwa anayeifungua.

Pili, umiliki. Mkataba wa Nagoya wa 2010, ambao nchi yetu imo, unataka wanaotumia mali ya viumbe na maarifa ya wenyeji wagawane faida nao. Lakini daftari la tarehe za maua haliingii kwa urahisi katika mkataba huo. Tusipopatana mapema, litaondoka kama makaratasi mengine yalivyoondoka.

Hata hivyo, kukaa kimya kuna hasara kubwa zaidi. Tangu 2014 sheria inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake, mpaka hekta 50,000. Jamii inayofika ofisini na kumbukumbu zake za miaka mitano haizungumzi sawa na ile inayofika na malalamiko tu.

Kwa hiyo tunashauri kuanza kidogo. Daftari, kalamu ya risasi, na miti kumi ya kiwanja cha kanisa, shule au shamba la karibu, mahali penye amani. Siku moja ya juma, ile ile, baada ya ibada. Andikeni tarehe, jina la mti kwa lugha yenu, kama kuna maua, matunda, majani mapya. Kama hakuna kitu, andikeni kwamba hakuna. Hiyo nayo ni habari. Fanyeni nakala mbili, moja ibaki parokiani. Kabla ya kumpa mtafiti yeyote, awe wa Kisangani, wa Lwiro au wa ng'ambo, patana naye kwa maandishi: jina la kikundi liandikwe, na matokeo yarudi kwetu kwa Kiswahili.

Katika Hesabu 13, Musa aliwatuma watu kumi na wawili waangalie nchi, hata kama ina miti ama haina. Wote waliona nchi moja na kubeba matunda yale yale, lakini kumi walileta habari ya woga, na taifa zima likazunguka jangwani miaka arobaini. Habari ya nchi ikiletwa vibaya, wenye nchi ndio wanaolipa. Tuanze na miti kumi.