Programu za ujenzi zisipoelewana, mwenye jengo Maswa ndiye hulipa

MFANYABIASHARA wa Nyalikungu, katika mji wa Maswa mkoani Simiyu, anapoamua kujenga ghorofa la maduka au ghala la pamba, sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika mbali na kiwanja chake.

Mbunifu wa majengo anaweza kuwa Dar es Salaam, mhandisi anayekokotoa nguzo na nondo akawa Mwanza, na karakana ya kuchomelea vyuma ikawa Shinyanga. Kinachosafiri kati yao siku hizi si karatasi tu, bali ni faili la kompyuta lenye modeli ya jengo zima.

Modeli hiyo ni zaidi ya mchoro. Ndani yake kila nguzo ina kipimo chake, aina ya zege au chuma chake, na mzigo inaotarajiwa kuubeba.

Tatizo ni kwamba kila mtaalamu ana programu yake. Mbunifu anaweza kuchora kwa ArchiCAD au Revit, mhandisi akakokotoa kwa ETABS, SAP2000, STAAD.Pro au Robot, na karakana ikaandaa vipande vya chuma kwa Tekla Structures. Programu hizi hazikutungwa na kampuni moja na hazihifadhi taarifa kwa namna moja.

Faili linapotoka programu moja kwenda nyingine, umbo la jengo mara nyingi hufika salama. Mzigo na maelezo ya namna vipande vinavyoungana huweza kubaki njiani, na hakuna kengele inayolia.

Hasara hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2004, taasisi ya viwango na teknolojia ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa utafiti uliokadiria kuwa programu kutosomana katika ujenzi wa majengo makubwa na viwanda nchini humo kuligharimu dola bilioni 15.8 kwa mwaka.

Kati ya fedha hizo, dola bilioni 10.6, yaani karibu theluthi mbili, ziliwaangukia wenye majengo na waendeshaji wake. Wabunifu, wahandisi na wakandarasi waligawana sehemu iliyobaki.

Kinachopotea njiani

Chukua mfano wa ghorofa la maduka ambalo chumba chake cha juu kitatumika kama stoo. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 6399, kilitaka stoo ya kawaida ihesabiwe mzigo wa takriban kilo 245 kwa kila mita ya mraba, kwa kila mita moja ya urefu wa shehena.

Shehena ikipangwa kufikia mita 3, sakafu hiyo inatakiwa kubeba kama kilo 730 kwa mita ya mraba. Ofisi ya kawaida huhesabiwa kama kilo 255 tu.

Iwapo mzigo wa stoo haukuhama na faili, na aliyelipokea akajaza mzigo wa ofisi kwa mazoea, sakafu itakokotolewa kwa karibu theluthi moja ya uzito itakaoubeba. Mchoro utapendeza na kompyuta itaandika kuwa jengo ni salama.

Mfano wa pili ni ghala la fremu za chuma. Mhandisi anaweza kuamua kuwa nguzo zikae juu ya msingi bila kuukabidhi msingi kazi ya kuzuia nguzo zisipinde. Huo ni uamuzi wa kawaida, na huruhusu msingi uwe mdogo.

Taarifa hiyo ikipotea, programu inayopokea inaweza kuchukulia kuwa nguzo zimeshikwa kabisa chini. Itahesabu kuwa msingi unasaidia kazi usiyoiweza, na kiungo cha juu, nguzo inapokutana na boriti ya paa, kitaonekana kutosha kwa chuma chembamba.

Mtego wa tatu ni namba ileile kuwa na maana mbili. Katika BS 8110, kiwango cha Uingereza kilichoondolewa rasmi mwaka 2010 lakini ambacho bado kinatumika katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, zege la 25 hupimwa kwa kipande cha mchemraba.

Kwa kiwango cha Ulaya, Eurocode 2, programu hukokotoa kwa nguvu ya kipande cha silinda, na zege lenye 25 kwa silinda huwa na 30 kwa mchemraba. Namba 25 ikihama bila maelezo, jengo linahesabiwa kwa zege lenye nguvu kuliko lile litakalomwagwa.

Viwango hivyo pia havizidishi mizigo sawa. BS 8110 huzidisha uzito wa jengo lenyewe kwa 1.4 na mzigo wa watu na mali kwa 1.6, wakati Eurocode hutumia 1.35 na 1.5. Anayechanganya zege la kiwango kimoja na mizigo ya kingine hana kiwango chochote.

Lugha ya pamoja ipo

Jitihada za kutafuta lugha moja ya mafaili haya zilianza katika miaka ya 1990, kupitia ushirika wa kampuni ambao leo unaitwa buildingSMART. Matokeo yake ni aina ya faili iitwayo IFC, isiyomilikiwa na mtengenezaji yeyote wa programu.

IFC ilikubaliwa kuwa kiwango kamili cha kimataifa, ISO 16739, mwaka 2013. Toleo lililopitishwa mwaka 2024 limeongeza barabara, madaraja na reli, jambo lenye maana kwa wilaya ya Maswa ambayo reli hupita katika eneo lake la Malampaka.

Hata hivyo, IFC si dawa ya kila ugonjwa. Kiwango chenyewe kina nafasi ya kuandika mizigo na viungo, lakini programu nyingi zilitilia mkazo umbo, ili mbunifu na mhandisi waone kama bomba linapita katikati ya boriti. Kwa kazi hiyo IFC inafaa sana, ila kwa ukokotoaji bado inahitaji jicho la mtu.

Zipo pia njia za moja kwa moja kati ya programu mbili, kama ile ya Revit na Robot ambazo ni za kampuni moja, Autodesk. Njia hizo hubeba mengi zaidi, lakini humfunga mteja kwa mtengenezaji mmoja.

Kufungwa huko kuna gharama. Tangu mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa programu zake nyingi na kuhamia malipo ya vipindi. Aidha, faili la Revit la toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani. Mwenye jengo anayetaka kuongeza ghorofa miaka kumi baadaye anaweza kukuta ana faili asiloweza kulifungua.

Nani anawajibika?

Tanzania imeshaona maghorofa yakianguka. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36, na Novemba 16, 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Ajali hizo hazitajwi hapa kama matokeo ya mafaili, bali kuonyesha bei ya kosa la ujenzi linapochelewa kugundulika.

Mhandisi anayewajibika ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kugonga mhuri kwenye michoro. Mhuri huo hauhami na faili. Anayelipokea na kulikokotoa upya anaanza wajibu mpya, na hawezi kusema kompyuta ndiyo iliyokosea.

Kwa mjenzi wa Nyalikungu, ulinzi wa kwanza ni mkataba. Ndani yake kuandikwe ni kiwango gani kitatumika, ni aina gani ya faili itabadilishwa, na kwamba mwisho wa kazi atakabidhiwa vitu vitatu: michoro yenye mhuri, faili la programu iliyotumika na nakala ya IFC.

Ulinzi wa pili ni karatasi moja inayoambatana na kila faili. Iorodheshe mizigo ya kila sakafu, daraja la zege na namna linavyopimwa, aina za chuma, na namna nguzo zinavyokaa juu ya msingi.

Ulinzi wa tatu ni hesabu tatu kila faili linapohama: idadi ya nguzo na boriti, uzito wa jengo zima, na jumla ya nguvu zinazofika kwenye msingi. Hesabu za pande zote mbili zisipolingana, kazi isimame hadi sababu ijulikane.

Kwa jengo dogo la ghorofa moja, huenda njia nafuu ni kutohamisha modeli kabisa. Mhandisi anayelijenga upya katika programu yake kutoka kwenye michoro hutumia muda zaidi, lakini hulazimika kukifikiria kila kipande, na hivyo jengo hupata macho mawili badala ya moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeweka akiba ya misimu kadhaa ya pamba kwenye zege na nondo ana haki ya kudai daftari la jengo lake, hata kama daftari hilo siku hizi limo ndani ya kompyuta.