Tangazo la wakimbizi lisikatwe na programu ndogo ya sauti

Asubuhi na mapema, familia nyingi zilizokimbia vita mashariki mwa Kongo hukusanyika karibu na redio ndogo ya betri. Mtangazaji anasema kwamba chanjo ya watoto itatolewa siku ya Alhamisi. Kisha sauti inakwaruza na kunyamaza, na inaporudi ni muziki. Siku imesikika, mahali hapakusikika. Mama aliyekuwa anasikiliza hawezi kurudisha redio nyuma, na jirani yake amesikia kama yeye tu.

Hapo lawama huangukia umeme, antena, au mtangazaji. Mara nyingine ni haki. Lakini kuna mkosaji mwingine ambaye redio nyingi za kijamii hazimtazami: programu ndogo ya kadi ya sauti, inayoamka kila kompyuta inapowashwa na kubaki ikifanya kazi bila kuonekana.

Kwenye kompyuta za Windows zenye kadi ya Realtek, ambazo ni nyingi, programu hiyo huonekana kwa majina kama RAVBg64 au RtkAudUService64. Moja ya kazi zake ni kuchunguza kama kable imechomekwa au imechomolewa. Nyingine ni kuirembesha sauti, kwa mfano kuongeza besi au mwangwi. Kwa mtu anayesikiliza muziki nyumbani, ni msaada. Studioni inaweza kuwa balaa. Kable inayokwenda kwenye mikseri ikilegea kidogo, programu hudhani spika zimeondolewa, inafungua dirisha la maswali katikati ya habari, au inaipeleka sauti kwingine. Na marembo hayo hula nguvu ya kompyuta iliyochoka, hadi sauti inakatika-katika.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuiona. Fundi akibonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, hufunguka ukurasa ambao kwenye kompyuta za Kifaransa unaitwa Gestionnaire des tâches. Humo huonekana kila programu na kiasi cha nguvu inachotumia.

Wengi huishia hapo: wanaifunga programu na kusema kazi imekwisha. Kwenye miji ambako umeme unakatika mara kadhaa kwa siku, dawa hiyo haidumu. Umeme ukirudi, kompyuta inawashwa upya, na programu inaamka nayo. Inafaa kuiondoa kwenye orodha ya zile zinazoanza pamoja na kompyuta, katika sehemu ya Démarrage ya ukurasa huohuo, kwa kuchagua Désactiver. Kwa kawaida sauti haipotei, kwa sababu dereva ya kadi inabaki mahali pake. Hata hivyo, jaribio lifanywe saa ambayo redio haiko hewani, na mikro na kable zote zijaribiwe kabla ya matangazo kurudi. Marembo ya sauti nayo yazimwe kwenye mipangilio ya kadi. Na kila baada ya kompyuta kupata dereva mpya, fundi atazame tena, maana programu inaweza kuwa imerudi.

Kuna wanaokwenda mbali kupita kiasi na kuua kila jina wasilolijua. Hilo ni kosa. Programu iitwayo audiodg, kwa mfano, ni ya Windows yenyewe. Ukiifunga, sauti inaweza kukatika palepale. Ikila nguvu nyingi, mara nyingi sababu ni yale marembo, basi yazimwe hayo kwanza. Upande wa pili, si kila jina la kawaida ni la kuaminiwa. Virusi vinavyosafiri kwenye flashi za muziki vinaweza kujiita jina hilohilo. Fundi aangalie faili imekaa folda gani: ya kadi ya sauti hukaa pamoja na programu za kadi au kwenye folda za Windows, si kwenye flashi wala kwenye folda ya nyimbo.

Kuna wakurugenzi wanaosema kwamba redio yenye deni la mafuta ya jenereta haina muda wa mambo madogo kama haya. Lakini kazi hii haihitaji pesa wala mtaalamu kutoka Kinshasa. Inahitaji nusu saa na mtu mmoja anayejua. Na hapo ndipo udhaifu mkubwa ulipo: katika redio nyingi anayejua ni mmoja tu, na hakuna alichokiandika. Siku akiugua, au akikimbia vita kama wasikilizaji wake, ujuzi unaondoka naye. Hatua hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani karibu na mikseri, na kila mtangazaji ajifunze kuzifuata. Kompyuta ya matangazo nayo iachiwe matangazo tu, si sinema wala michezo.

Wasikilizaji nao wana mchango. Anayesikia sauti imekatika, akumbuke saa na tangazo lililokuwa linasomwa, kisha aifahamishe redio. Fundi akijua kwamba sauti hukatika kila kompyuta inapowashwa, au kila mtu anapogusa kable, ameshapata nusu ya jibu.

Raia aliyepoteza nyumba na shamba hana njia nyingi za kupata habari. Redio ikimwambia siku bila kumwambia mahali, imemfanya atembee bure akiwa na mtoto mgongoni. Kabla redio haijaomba kompyuta mpya kwa wafadhili, ihakikishe kwanza kwamba inaijua ile iliyo nayo.