KIMEMO SI DHAMANA YA MKOPO



Wiki hii wanachama watatu wamefika ofisi ya tawi, kila mmoja kwa wakati wake, na ombi moja: tuwaandikie kimemo kwa mheshimiwa ili maombi yao ya mkopo wa kilimo yapite haraka kwenye benki ya serikali. Tumekataa. Kwa kuwa manung'uniko yameanza kwamba viongozi tunabania watu, tunaeleza sababu kwa wote.

TIB ilianzishwa mwaka 1970, na TADB ikaanza kazi mwaka 2015, ili mkulima na mwenye kiwanda wapate mkopo wa muda mrefu ambao benki za biashara huogopa kuutoa. Mtaji wa benki hizi unatoka serikalini, yaani kwenye kodi yetu. Mkopo usiporudi, anayelipa ni wewe unayenunua sukari na vocha.

Tulishapita huko. Miaka ya 1970 na 1980 benki za umma zilikopesha mashirika na vyama vya ushirika kwa maagizo kutoka juu, walipaji wakawa wachache. Mwaka 1988 iliundwa Tume ya Nyirabu kuchunguza mfumo wa benki. Mwaka 1991 ikabidi kiundwe chombo maalumu, LART, kukusanya madeni mabovu. Mzigo mkubwa ukaangukia Hazina.

Tukisikia "hatari ya benki" tunamfikiria mwizi. Lakini mara nyingi huanza na simu ya upole: "Huyu ni mtu wetu, msaidie." Afisa mikopo anahofia kibarua chake. Shamba halikaguliwi, thamani ya dhamana inapandishwa, kamati inapitisha. Mwaka wa pili shamba ni pori, na mkulima aliyefuata taratibu zote anaambiwa fedha zimekwisha. Mkulima huyo naye anaweza kuwa mwanachama wetu, tena asiyejua mtu.

Wapo wanaosema wenzetu wanafanya, tukiacha tutabaki nyuma. Ni kweli wapo wanaofanya. Lakini hatuwezi kusimama jukwaani na ripoti ya CAG mkononi mchana, jioni tukaomba kimemo.

Kwa hiyo kamati ya tawi imeamua:

1. Tawi halitaandika barua wala kupiga simu kwa ajili ya mkopo wa mtu yeyote, viongozi wakiwemo. Barua ya utambulisho inatolewa na serikali ya mtaa.

2. Kiongozi ambaye yeye au ndugu yake ameomba mkopo kwenye benki ya umma aseme kikaoni, iandikwe kwenye muhtasari.

3. Ukiombwa "chochote" ili mkopo upite, piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ipo tangu mwaka 2015.

4. Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi, tutasaidiana kuandaa maombi: kumbukumbu za mauzo, nyaraka za shamba, usajili wa kikundi. Njoo na daftari lako.

Wale wanachama watatu tumewaalika wa kwanza. Ombi likiwa zuri, lijitetee lenyewe mbele ya benki.

Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.
Tafadhali mfikishie na mwanachama asiye na simu janja.